Paskali Ntandu Hango, Fundi Aliyealika Kijiji Kumwaga Zege
(14 Machi 1961 – 3 Juni 2025)

Baba Paroko, wazee wangu shikamooni, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutuzika. Familia imeniomba mimi, Christopher, mdogo wake, niwasomee maisha ya kaka yetu. Nitasoma kama nilivyoandika.

Kaka Paskali alizaliwa hapa hapa Ikungi tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya sita wa marehemu Mzee Ntandu Hango na marehemu Mama Klara. Alibatizwa siku ya Pasaka mwaka huo huo, ndiyo maana akaitwa Paskali.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976. Hesabu alizipenda. Imla hakuipenda, na hakuwahi kulificha hilo.

Mwaka 1979 alikwenda Shelui kujifunza uashi kwa Mzee Sostenes, aliyekuwa akijenga nyumba za wageni za madereva wa malori. Baada ya hapo alijenga kokote alikoitwa. Mwaka 1986 aliitwa Ulemo, kwa Mzee Joseph, ajenge jiko. Lilikuwa jiko la siku nne, lakini lilichukua wiki tatu, kwa sababu binti wa nyumba hiyo ndiye aliyekuwa akimletea maji ya kuchanganyia udongo. Mwishowe Mzee Joseph akamuuliza, "Kijana, hili jiko unalijenga au unalilea?" Kaka alifunga ndoa na binti huyo, Scholastika, tarehe 20 Septemba 1986. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2009 aliajiriwa na Nguzo Tisa, kampuni inayojenga viwanda na maghala. Mwaka jana kampuni ilipopata kazi ya eneo jipya la viwanda na biashara hapa Ikungi, yaani maghala manne ya alizeti na karakana, alirudi nyumbani akiwa fundi mkuu. Aliomba vijana arobaini wa hapa wachukuliwe. Wakachukuliwa kwa majaribio. Mhandisi Joshua aliwaambia waziwazi kwamba jamvi la ghala la kwanza, yaani sakafu yake ya zege, likitoka vizuri, watabaki mpaka mradi uishe. Likiharibika, kampuni ingeleta watu wake kutoka Dodoma. Kaka alikuwa amewadhamini kwa jina lake.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba walikuwa wamebakiza kipande cha mwisho cha jamvi. Saa tano asubuhi, wakiwa wamefika nusu, mashine ya kuchanganyia zege ikavunjika. Zege likikaukia katikati, linapasuka pale pale lilipoishia.

"Mzee Paskali, tumekwama," mhandisi akamwambia. "Spea iko Dodoma."

"Nipe muda kidogo, injinia. Nialike watu."

"Watu gani?"

"Wa nyumbani."

Akamtuma mwanawe Deo kwa pikipiki, apite kila nyumba na kusema, "Mzee Paskali anawaalika, sasa hivi." Ninyi wa hapa mnajua. Mtu akialika mwezi wa kumi, anaalika kulima. Hakuna aliyeuliza swali. Walikuja watu zaidi ya mia moja, kila mmoja na jembe begani, mbele yao mama yetu mkubwa Severina.

"Wewe Paskali, shamba liko wapi? Mimi naona kokoto tu!"

Mhandisi akavua kofia yake ngumu. "Mzee, hawa wamekuja kulima?"

"Wamekuja kulima, injinia. Watalima zege."

"Na pombe ya wakulima iko wapi?" Mama mkubwa akauliza.

"Huku saiti pombe ni marufuku, mama mkubwa. Scholastika analeta togwa."

"Ungesema mapema tusije!" Lakini alikuwa ameshaanza kukoroga mchanga na saruji, na nyimbo za shambani zimeshaanza.

Wakati huo daktari alikuwa amemkataza kaka kubeba vitu vizito kwa sababu ya moyo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya pipa la maji, na hakuna aliyechota bila ruhusa yake. Aliyezidisha maji alisikia, "Uji huo! Mimi nataka ugali!" Saa kumi na moja jioni kipande kilikuwa kimejaa na kusawazishwa.

Baada ya siku ishirini na nane mhandisi alikuja na nyundo, akagonga jamvi lote. Kisha akauliza, "Sehemu ya majembe ni ipi?" Kaka akamwambia aitafute mwenyewe. Akaitafuta, hakuiona. Wiki hiyo vijana wote arobaini walipewa mikataba.

Kuanzia Januari mwaka huu moyo ulimsumbua zaidi, na mwezi wa nne akalazwa Singida mjini. Kila jioni Deo alimpelekea picha za ghala la pili, naye alizikuza kwenye simu akitafuta makosa. Aliyapata, na siku ya pili yalirekebishwa. Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake.

Ameacha mjane, Scholastika. Watoto, Luciana, Deo na Shukuru. Wajukuu saba, na sisi ndugu zake wanne.

Ameacha pia vijana wake arobaini. Hapa kaburini mnawaona sita tu, na nimesikia watu wakiulizana. Msiwasengenye. Leo wanamwaga jamvi la ghala la tatu, na siku ilikuwa imeshapangwa. Jana jioni walikuja wote kwa shemeji Scholastika kuomba waahirishe kazi. Shemeji akawajibu, "Chagueni sita wa kubeba jeneza, wengine nendeni kazini. Mkijaa wote hapa, atawafukuza."

Pumzika kwa amani, kaka Paskali. Vijana wako wapo kazini.