Stanslaus Maige na Jina Lisiloandikwa Runzewe
(1934–1986)

Stanslaus Maige alizaliwa Samuye, Shinyanga, tarehe 9 Agosti 1934. Alimaliza darasa la nane mwaka 1951, kisha akasomea kilimo Ukiriguru. Kuanzia 1956 alikuwa bwana shamba, miaka ya mwisho hapa Buseresere, na vijiji vyake vyote alivifikia kwa baiskeli.

Tarehe 12 Januari 1957 alifunga ndoa na Melania, mwalimu. Binti yao wa kwanza, Generosa, aliolewa mwaka 1976 na Bujiku, karani wa Runzewe.

Marehemu alipenda mashindano ya baiskeli ya masafa marefu. Yale ya Shinyanga hadi Chato yalichukua siku mbili za mchanga na vumbi jekundu, mfukoni akiwa na michembe tu, vipande vya viazi vilivyokaushwa. Kila alipomaliza, vidole vilikufa ganzi wiki nzima. Mkewe alimfungia vifungo vya shati, naye akicheka, "Mwalimu, umepata mwanafunzi wa shule ya vidudu."

Mwaka 1977 alifika Chato akiwa wa pili. Majina ya waliopita kituo cha ukaguzi cha Runzewe yaliposomwa, lake halikuwamo. Mwandishi wa kituo kile alikuwa Bujiku, na kwetu Wasukuma mtu hatamki jina la baba mkwe wake. Mkono wake nao haukuthubutu. Aliandika "Mkwe".

"Mkwe wa nani?" mwamuzi aliuliza. Umati ukaangua kicheko, mmoja akadhihaki, "Mzee, lori la pamba lilikuwa na nafasi?"

Mwamuzi alitaka Bujiku aletwe, amtaje kwa jina hadharani. Mke wa marehemu alimsihi mumewe, "Baba Generosa, mwache aje aseme."

"Nimvue nguo mtoto wa watu kwa ajili ya kikombe? Hapana, Mama Generosa."

Wakamfuta.

Alishiriki tena mara tatu ili kujisafisha. Mara ya mwisho, mwaka 1980, alifika Chato uwanja ukiwa mtupu, utepe umeshakunjwa. Haikusaidia kitu. Sokoni aliendelea kuitwa Bwana Lori, na wanawe walirudi kutoka shule wamechaniwa mashati kwa kumtetea.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1984. Baadaye hata kufika uani hakuweza. Wiki yake ya mwisho aliuliza kama kuna mtu kutoka Chato aliyemuulizia. Hakuwapo. Alifariki tarehe 14 Machi 1986, katika hospitali ya Geita.

Jana Bujiku aliomba asimame hapa, alitamke jina lile. Familia imemkatalia, kwa kuwa marehemu alikataa. Basi inasema yenyewe: Stanslaus Maige alipita Runzewe kwa baiskeli. Mwenye neno alitoe sasa, kaburi likiwa bado wazi.

Ameacha mjane, watoto watatu, Generosa, Ignas na Paskalia, na wajukuu watano.

Ee Bwana, mwite kwa jina lake, apumzike.