Ua Jeupe Chini ya Picha ya Mama Gi-tae

Kijiwe chetu kiko pale ngazi ndefu zinapokutana na barabara, mlimani Busan, Korea, mbele ya duka ambalo mwenyewe alishafariki na kufuli limeota kutu. Benchi tumelitandika plastiki ya maua. Asubuhi tunakuwa wanne. Yupo Kanali, ambaye jeshini alikuwa mpishi, cheo tumempa sisi. Yupo Makaa, aliyepandisha makaa mgongoni kwenye mlima huu miaka thelathini, sasa hawezi kunyooka. Yupo Mama Gi-tae, anayewamenyea watu wa sokoni vitunguu saumu na hasemi mpaka asemeshwe. Na mimi, Redio. Jina walinipa wao, na sina la kujitetea. Kahawa ni ile ya pakiti, maziwa na sukari humo humo, na maji ya moto naleta mimi kwenye chupa. Jumatatu hiyo ya vuli palikuwa na jambo. Ukutani mbele yetu, tangu siku kadhaa, lilikuwa limebandikwa bango la bendi ya roki ya wanafunzi wa chuo kilicho huko juu, uso wa Mama Gi-tae umelijaza lote, na chini yake mtu alikuwa ameweka ua moja jeupe, lile ambalo kwetu hupelekwa msibani.

— Kafa nani? aliuliza Kanali, hata hajakaa.

— Hajafa mtu, nikamwambia. Mwenyewe huyu hapa, anamenya vitunguu.

— Namwona. Sasa ua la nini?

— Tazama bango lenyewe, akasema Makaa. Hata mimi ningeleta ua.

Na kweli. Kiangazi wale wanafunzi walikuja kumwomba Mama Gi-tae wapige video juu ya paa lake, kati ya tangi la maji na mitungi ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha. Wakamwambia, bibi, wewe menya vitunguu tu, usitutazame. Wimbo wakaurudia mara kumi na nne, mlima mzima ukaumwa kichwa, naye akamaliza beseni zima bila kuinua macho. Kisha wakataka picha ya bango. Akawapa ile moja nzuri aliyonayo, ya zile tulizopigwa wazee wote majira ya kuchipua, kila mtu yake, tumevaa hariri ya kuazima, za kuwekwa mbele ya jeneza siku yako ikifika. Yangu iko nyuma ya kabati. Binti anayewachorea akaifanya nyeusi na nyeupe, halafu kwenye pembe mbili za juu akapitisha mikanda miwili myeusi ya gitaa, mmoja huku, mmoja huku, imelala mshazari. Mtu yeyote aliyewahi kuingia msibani kwetu anajua picha yenye utepe mweusi pembeni ni ya nani.

— Mimi nilimwambia siku lilipobandikwa, akasema Kanali. Nikamwambia, Mama Gi-tae, hawa watoto wamekuzika. Akasema liache, limependeza.

— Limependeza, akasema Mama Gi-tae, macho kwenye kisu.

Sababu tulikuwa tunaijua ila hatuitaji. Gi-tae ni mwanawe wa pekee. Anachomelea meli kule Ulsan, saa moja tu kwa basi, na mwaka wa nne huu hajakanyaga ngazi hizi. Waligombana siku ya ibada ya marehemu baba yake, kwa sababu ya samaki. Mkwe alimlaza kwenye meza ya sadaka kichwa magharibi, mama akasema kichwa ni mashariki. Marehemu mwenyewe hata samaki hakuwa anapenda. Gi-tae akamchukua mkewe, akachukua viatu, wakaenda. Sasa bango liko toka kituo cha treni mpaka sokoni, liko na kwenye simu za vijana. Mtu wa Ulsan angeweza kuliona. Angeweza kushtuka.

— Hili ua ni Gi-tae, akasema Makaa. Alfajiri nimeona gari la kijivu limesimama hapo chini.

Kisu kikasimama.

— Namba za wapi? akauliza Mama Gi-tae.

— Namba sikuona. Kwa mgongo huu mimi naona magurudumu tu.

— Na magurudumu yalikuwa ya Ulsan? nikadakia.

— We Redio, kunywa kahawa yako.

— Haiwezekani, akasema Kanali. Mtoto atoke Ulsan, aweke ua njiani, ageuze? Ngazi kumi na mbili tu afike mlangoni, amkute mama yake anakoroma!

— Kaona aibu.

— Aibu wapi! Ni wale wanafunzi. Hiyo ni biashara, bwana. Watu wakisikia bibi wa kwenye video kafa, kila mtu anafungua simu atazame. Mpaka jana wametazamwa na watu wangapi, Redio?

— Mia tatu na kumi na mbili.

— Unaona! Bibi hai, mia tatu. Bibi marehemu, milioni. Wiki ijayo wanaleta jeneza tupu hapa, wanapiga ngoma juu yake. Na wewe Makaa ndiye utalipandisha.

— Silipandishi! Na si wao. Ni yule fundi cherehani wa bandarini.

— Fundi yupi tena?

— Aliyetaka kumposa Mama Gi-tae mwaka wa ile dhoruba kubwa. Akakataliwa, akakimbilia Brazili. Sasa karudi, kashuka melini, kakutana na bango. Moyo umepasuka pale pale.

— Yule si alikufa huko huko?

— Ndiyo maana kaja alfajiri!

Kahawa ilinitoka puani. Hata Mama Gi-tae alicheka, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, maana vidole vilikuwa na vitunguu. Halafu akauliza taratibu:

— Lakini gari lilikuwa la kijivu kweli?

— La kijivu, akasema Makaa. Sauti ilikuwa imepungua.

— Gi-tae ana la kijivu.

Makaa akainamia kahawa yake.

Sasa niseme, maana nimelikalia mno. Ua niliweka mimi. Nililinunua Jumapili sokoni, nikaja nalo kabla hakujapambazuka, nikaliweka, nikakimbia kwa kadiri magoti yanavyoniruhusu. Nilitaka kuwaona wazee wawili wanaruka, basi, kicheko cha asubuhi moja. Nyumbani kwangu siku hizi anayeguna usiku ni friji peke yake. Na gari halikuwepo, si la kijivu wala la rangi yoyote. Kwa nini Makaa alisema lilikuwepo, sijamuuliza mpaka leo.

Nilifungua mdomo nieleze. Ndipo binti akatokea ngazini, nywele za kijani, bomba la karatasi kwapani, anahema. Akatuinamia mpaka kiunoni. Ni huyo Sae-rom, mchoraji wao.

— Shikamooni. Bibi, nimekuja kuomba msamaha. Mpishi wa chuoni ndiye kaniambia jana. Wallahi sikujua! Babu na bibi zangu wote wako hai, sijawahi hata kuingia msibani. Mimi niliona mikanda inapendeza tu.

— Umeona? akasema Kanali. Chuo kizima, na aliyejua ni mpishi. Wapishi tunajua mambo.

— Nimechora lingine, bibi. Humu unacheka, na mikanda nimeitoa. Lile nalibandua sasa hivi.

— Liache, akasema Mama Gi-tae.

— Lakini bibi, watu watadhani umekufa!

— Liache mpaka Jumapili. Jumapili watu hawaendi kazini.

Binti akageuka kulitazama bango lake, akaliona ua. Akaziba mdomo kwa mkono.

— Jamani. Kumbe kuna mtu kalia kweli. Nani kaleta ua hili? Ni mtoto wako, bibi? Niambieni ni nani, niende nikamwombe radhi.

Kanali akatazama mawingu. Makaa akatazama pale chini ambapo gari halikuwepo. Mama Gi-tae akatupitia mmoja mmoja, polepole, kama mtu ambaye swali hilo na yeye anataka jibu lake. Kwangu alifika mwisho, akatulia hapo. Mimi, Redio, ninayejua mkwe gani kavunja sufuria gani mlima mzima! Nikashika chupa, nikaitikisa.

— Maji yamekwisha, nikasema.

Mama Gi-tae akainuka. Akasuuza kikombe chake cha karatasi pale bombani, akakijaza, akatia ua ndani, akakisogeza upande wa kivuli. Binti alibaki amesimama na bomba lake la picha za kucheka, hajui aliweke wapi.

Kufika Jumamosi ua lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Nilipanda basi mpaka soko la mbali ambako hawanijui, na alfajiri ya Jumapili nikalibadilisha.

Siku hiyo Mama Gi-tae alivaa sweta la buluu, akakaa ule upande wa benchi unaotazama ngazi. Walipanda wengi. Walipanda wenye mboga, wenye mbwa, kijana mmoja mwenye mabega mapana ambaye alitufanya sote tugeuze macho, akapita. Kanali akaaga. Makaa akaaga. Kivuli cha ukuta kikafika miguuni kwetu.

— Redio, akasema Mama Gi-tae.

— Naam.

— Ua la leo ni refu kuliko la Jumatatu.

Akaingiza mkono kwenye beseni, akatoa kisu cha pili, akanipa, mpini kwangu. Kisha akasogea kidogo, nami nikapata nafasi upande ule ule wa kutazama ngazi.