Fundi Spika na Pumzi ya Kuazima

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama kusoma maisha ya kaka yangu, mliyemwita Fundi Spika, nami nasoma bila kipaza sauti kwa agizo lake, hivyo walio nyuma wasogee, maana mimi mdogo wake nimezunguka bandari nyingi nikarudi na maneno mengi na mapafu ya mvuta sigara, na yeye ambaye hakuvuta hata moja ndiye tunayemzika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi bati na mshona mashuka, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha ufundi umeme hadi 1977, akaajiriwa katika karakana ya redio, chumba kisicho na dirisha, akivuta moshi wa kulehemu nyaya, na tarehe 6 Agosti 1988 akafunga ndoa na shemeji yangu, wakajaliwa mabinti wawili.

Kanisani ndiye aliyefunga spika zote, na ndiye aliyezizima. Alisema Zaburi ya mwisho inapanga tarumbeta, kinubi, ngoma na matoazi, kisha inavipita vyote na kuishia kwenye pumzi, basi anayetaka kusifu anyamaze aisikie yake ikiingia, kwa kuwa Mungu aliyeipuliza hajatoka ndani yake. Siku ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2014, alizima mitambo katikati ya wimbo ili watu waonje ukimya huo, wakadhani umeme umekatika, kwaya ikazidisha kelele, na mzee wa kanisa akamwambia, “Fundi, tulikuita utengeneze, siyo uhubiri,” akamnyang’anya funguo za chumba cha mitambo.

Mwaka 2021 mapafu yake yalianza kukakamaa. Nilimtania kwamba sasa anasifu kwa pumzi ya kuazima kwenye mtungi wa oksijeni, akacheka mpaka akakohoa damu, sikurudia. Kifo hakikumtisha, kilichomtesa ni swali moja, kwamba kama pumzi ndiyo sifa, ikikatika sifa yake inakwenda wapi, na mchungaji alikuja, akaomba, akaaga bila kuligusa. Mchana wa tarehe 3 Juni 2023 aliuliza tena, shemeji akamwekea kiganja kifuani, akasema, “Tulia, baba watoto, yako ikiisha tutaendelea na yetu.” Hatujui kama aliridhika, akaaga dunia saa tisa kasoro robo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopandisha mitungi ngazini, mafundi wenzake, na yule mzee wa kanisa, aliyekuja jana kuturudishia funguo za chumba cha mitambo.

Sasa naomba tunyamaze kidogo, kila mmoja aisikie yake.

Pumzika kwa amani, Kaka, zamu ni yetu.