Mama Emérance na Kitambaa Nilichokifua

Mama Emérance Ntirampeba anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Mei 2026, baada ya miaka kumi na tisa katika chumba cha kufulia cha makao yetu ya wazee hapa Grand Prairie. Alitoka Burundi akapitia kambi za wakimbizi, akakabidhiwa mashine nne na pasi moja, na tangu siku hiyo hakuna mkazi aliyelalia shuka lililokunjamana.

Wengi wetu alitufundisha kazi yeye, nami Kwamboka nikiwemo. Kanuni yake ni moja: chochote chenye madoa kilicho kwenye meza ya chumba cha kufulia kifuliwe, usiulize. Tulimtania kwamba iko siku atamfua meneja.

Hatukujua kwamba kila mkazi alipofariki, kabla kibao cha jina hakijang'olewa mlangoni, Mama Emérance alikifunika kwa kipande cha shuka kuukuu na kusugua krayoni juu yake mpaka jina likajitokeza. Alikipiga pasi kipande hicho ili rangi ishike, akachora sura ya marehemu kwa wino kwenye kipande cha pazia jepesi, kisha akashona kimoja juu ya kingine. Vipande hivyo aliviunganisha vikawa kitambaa kimoja, majina hamsini na mawili.

Jumatatu alikileta kazini, ili tuje tukione kwenye sherehe ya kumuaga. Akakiweka kwenye meza ile ya kufulia, akaenda kunywa chai. Mimi niliona madoa tu, nikakifua kwa maji moto na dawa ya kung'arisha.

Nilipokitoa, jina la kwanza kusoma lilikuwa Everline Moraa. Ni mama yangu, aliyefia chumba cha tisa mwaka 2021. Pasi ilikuwa imeyashikilia majina, lakini nyuso zote zilikuwa zimefutika, wa mama ukiwemo, na aliyezifuta ni mimi.

Nilimpelekea Mama Emérance, akakitandaza mezani. Nilingoja anifukuze.

"Mwanangu, kanuni ni yangu, wewe umeifuata," alisema. "Sura zao nazijua. Nitaanza na mama yako."

Jana alinionyesha sura aliyoichora upya. Ni mama kabisa, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, jambo ambalo hata picha zetu za nyumbani hazionyeshi. Nililia mbele ya watu na sioni haya.

Asante, Mama Emérance, kwa niaba ya wote uliowatandikia. Maisha yako ya kustaafu yawe mema. Zimebaki nyuso hamsini na moja. Mungu akupe miaka ya kuzimaliza zote.