Fundi Baridi na Friji Iliyosingiziwa

Ndugu, majirani na mafundi wenzake na marehemu, familia imenituma mimi mdogo wake nisome wasifu wake, kwa sababu shule niliiacha njiani lakini tarehe zote ninazo kichwani, na pia lipo jambo nimelibana kifuani miaka karibu saba, leo lazima litoke mbele ya jeneza lake.

Kaka yangu, mliyemwita Fundi Baridi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshona mapazia, akasoma shule ya msingi nyuma ya soko hadi 1975, akapata cheti cha ufundi mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafungua karakana yake ya chumba kimoja, ambako alikuwa akiegesha sikio kwenye ubavu wa friji na kukutajia ugonjwa wake kabla hajashika bisibisi, akiapa kwamba friji iliyopita mikononi mwake hairudi, isipokuwa ile ya binti mmoja mwalimu iliyorudi mara tatu ikiwa nzima kabisa, wenyewe mmeelewa, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa watoto watatu.

Juni 2009 alipatikana na kisukari, akaanza kujidunga insulini, na somo la daktari akaligeuza la karakana, akiwaeleza wateja wake kwamba sukari ni mgeni mlangoni na insulini ndiyo ufunguo, ufunguo ukikosekana sukari inazurura kwenye damu, mwili unaunguza mafuta yake wenyewe hadi damu inachachuka, na moyo, ambao hauna likizo, unavuta mzigo huku una njaa.

Sasa, Agosti 2017 nilikuja kumtembelea, nikakuta friji yake ya nyumbani, alimotunza insulini, iko namba tatu, na mimi kwa ujuaji wangu usio na mfano nikaona baridi ikizidi dawa itadumu, nikazungusha kitufe cha baridi hadi saba, asubuhi kichupa cha insulini kilikuwa jiwe, nikakipasha viganjani kikawa safi kama maji, nikakirudisha kimyakimya nikijisifu, kumbe insulini ikishaganda imekufa, kaka akajidunga maji siku nne.

Tarehe 23 tulimkimbiza hospitali, anahema, moyo unakwenda mbio, na muuguzi alipokagua kichupa tulichokwenda nacho, akagundua dawa iliwahi kuganda na kuuliza mbele ya wote ni nani aliyeigandisha, mimi nilitazama dari, kaka akasogeza kinyago cha hewa akasema kidhibiti baridi cha friji yake kilikuwa kibovu, yeye, Fundi Baridi, na tangu hapo mafundi wenzake hawakumwacha tena, wakamwita Mganga Hajigangi, naye akacheka nao, na aliporudi nyumbani baada ya siku kumi na moja aliirudisha friji namba tatu, akanitazama, akaniambia mdogo wangu kaa, chai itapoa.

Moyo ulikuwa umechoka kwa miaka mingi ya sukari, daktari alisema, na siku zile nne hazikuusaidia, ukazima tarehe 3 Mei 2024, saa nne asubuhi, kwenye kiti chake karakanani.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliomvumilia akikagua friji za wodi, majirani kwa viti na maturubai, na ninyi mafundi, ila lile jina lizikeni naye leo, friji haikuwa mbovu, mbovu nilikuwa mimi.

Pumzika kwa amani, kaka, iko namba tatu, sijaigusa.