Gaston Kabemba na Mchezo Nilioutoroka Kabla Haujaisha

Baba zetu, mama zetu, na majirani mliolala nasi chini siku hizi tatu, mimi ni Blaise, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa wasikilizaji wa redio ya Kasongo wanajua kwamba niliwahi kumsema vibaya mbele ya watu wengi kuliko hawa.

Marehemu Gaston Kabemba alizaliwa Wamaza tarehe 14 Machi 1966, akasoma shule ya msingi palepale, akaenda Kasongo kwa miguu na sanduku la bati kichwani, akapata diploma ya ualimu mwaka 1986, akafundisha Kifaransa huko miaka thelathini na mitano. Tarehe 11 Julai 1992 alifunga ndoa Nyangwe na Mama Anastasie, tuliye naye hapa, wakajaliwa watoto watano, ambao aliwaogesha mwenyewe kila mama yao alipokwenda shamba, na sisi wanaume wa ukoo tukamcheka.

Mwaka 2004 alianzisha kundi la maigizo, na kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyekuwa bwana wa fimbo, mume anayegonga meza chakula kikichelewa, watu wakampigia makofi, hata wauza samaki wa sokoni wakakataa kumuuzia kwa hasira kwamba alimpiga mke jukwaani. Alipochoka na bwana huyo aliandika Kinu cha Baba, mchezo wa mwanaume ambaye mkewe anafariki katika kujifungua, pikipiki ya kumpeleka hospitali ikiwa imekwama matopeni, naye analia mbele ya ukoo mzima.

Ulichezwa mara ya kwanza mchana wa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 2016, katika ukumbi mmoja wa Kasongo, na Gaston alilia hivi kwamba mama zetu nao wakaanza kuomboleza, na kesho yake majirani wakafika kwake na kuni, unga na mikeka, wakiamini kwamba Anastasie amefariki kweli. Mama Mathilde, aliyefunguliwa mlango na huyohuyo Anastasie aliyekuja kumlilia, aliweka kuni chini akauliza, "Kumbe weye uko muzima?", na nadhani mpaka leo hajamsamehe.

Mimi nilikuwa na kipindi redioni, nikasema kwamba kaka yangu amewaaibisha wanaume wa Maniema, kwamba mwanaume halii ovyo, tena bila maiti, lakini sikusema kwamba nilitoka ukumbini kwa aibu wakati wa kilio na sikuuona mwisho. Kwa maneno yangu wazee wetu wa Kabambare waliukataza mchezo usifike kwao, na Gaston aliniambia tu, "Blaise, muchezo haikuisha bado," kisha hatukusemezana zaidi ya miaka saba.

Mwaka 2021 alipatwa na ugonjwa wa figo, Januari 2024 akaletwa hapa Kabambare kwa binti yake Naomie, na ombi lake lilikuwa moja, kwamba niuone mwisho kabla yeye hajaondoka. Nilichelewa, nilikuwa naogopa, lakini Jumapili tarehe 14 Aprili kundi lilifika kwa pikipiki, likacheza uani, kitanda chake kikatolewa nje, wazee wakakaa, nami nikakaa. Mwanaume yule wa mchezo, akichezwa sasa na mwanakundi mwingine, alifuta macho, akachukua kinu cha marehemu mkewe, akawatwangia watoto sombe ya majani ya muhogo, mtoto mmoja akamwambia chumvi imezidi, na wazee walewale wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jumatano nilisema redioni kwamba nilihukumu nusu ya mchezo, na Gaston, redio ikiwa karibu na kichwa chake kitandani, alicheka.

Alifariki Alhamisi tarehe 2 Mei 2024, saa nne asubuhi, usingizini, bila maumivu, na familia, pamoja na huzuni yake, imepumua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kasongo na Kabambare, walimu wenzake, kundi lake lote, na Mama Mathilde, ambaye safari hii kuni zake zimefika mahali pake.

Kaka, nilikulaumu kwa kulia bila maiti, leo maiti ni wewe, nami nalia mbele ya ukoo mzima, na sitaondoka hapa mpaka mwisho. Pumzika kwa amani.