Kilichokuwa Ndani ya Tortellini za Delfina

Chini ya matao ya Mtaa wa Saragozza, mjini Bologna, pana benchi la jiwe lenye wenyewe. Yupo Gualtiero, aitwaye Mhandisi kwa kuwa alikuwa fundi baiskeli. Yupo Ivo, aitwaye Askofu kwa kuwa hakanyagi kanisani. Na yupo Ottorino, ambaye hana jina la utani, na tangu alipomzika mkewe Delfina wakati wa Kwaresima, hakuna aliyethubutu kumpa.

Asubuhi hiyo walianza kwa kuwasema watalii, kama kawaida. Mmoja alikuwa ameuliza kama mnara ulioinama wa hapo Bologna ndio ule wa Pisa. Mwingine alitaka tortellini, zile tambi ndogo za kujazwa, bila supu, tena zimwagiwe mchuzi wa nyanya. Askofu akasema mtu wa namna hiyo angepaswa kurudishwa kwao akiwa bado stesheni.

Ottorino hakucheka. Alikuwa na karatasi na kalamu. Loris, mwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amemwahidi jambo: alete mapishi ya tortellini za Delfina kabla ya kengele ya saa sita, na jina la marehemu litachapwa kwenye orodha mpya ya vyakula. Ottorino alikwisha kumwombea mkewe misa tatu. Hili aliliona kama misa ya nne.

— Mmekula kwangu Krismasi zote, alisema polepole. Ndani ya tortellini za Delfina mlikuwa na nini?

— Nyama ya nguruwe, alisema Mhandisi. Na kungumanga.

— Kungumanga gani, wewe? alidakia Askofu. Ile ilikuwa harufu ya ganda la limau.

— Limau kwenye tortellini? Nenda kapange foleni na watalii wako.

Mhandisi akadai siri yote ilikuwa kwenye jogoo wa supu, aliyelishwa jibini mwezi mzima. Askofu akaapa kuwa jogoo huyo alisomewa rozari kabla ya kuchinjwa, ndiyo maana yeye, asiyesali, alikuwa akilengwalengwa na machozi kwa kijiko cha kwanza.

Karatasi ilikuwa na neno moja tu: Delfina.

Pembeni mwa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mtalii, akipumzisha miguu, ramani mapajani. Kitaliano chake kilikuwa cha darasa la jioni, lakini kilitosha.

— Samahani, babu. Delfina alikuwa akizifunga mwenyewe, kwa mkono?

— Moja moja, alisema Ottorino kwa fahari. Mia tano kila mkesha wa Krismasi, tangu alfajiri mpaka jioni.

— Na nyinyi mlikuwa wapi?

Hakuuliza kwa ubaya. Askofu akachungulia kikombe chake cha kahawa, kilichokuwa kitupu. Mhandisi akashika kifungo cha koti kilichokwisha fungwa. Ottorino akaweka kiganja juu ya jiwe, pale anapokaa siku zote. Palikuwa laini, pamebonyea kidogo, kazi ya miaka arobaini ya kukaa. Ng'ambo, Loris alitoka mlangoni akitazama saa yake, na kengele ikaanza kulia.